Skizofrenia, ubongo na kuishi na watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wagonjwa, ndugu zao, wanafunzi na watu wanaofikiria kujitolea katika utafiti huuliza tena na tena. Majibu hayalingani urefu kwa sababu mambo yenyewe hayalingani: kuna swali linalokwisha kwa neno moja, na kuna lililowakesha wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne.

Skizofrenia ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa akili unaogusa mambo matatu. La kwanza ndilo linaloonekana na kila mtu: mgonjwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anashikilia imani ambayo ushahidi wowote hauitikisi (kwamba anafuatiliwa, kwamba mawazo yake yanasikika nje ya kichwa chake), au maneno yake yanakosa mshikamano. Hali hii huitwa saikosisi. La pili ni kupungua kwa vile vilivyokuwepo: ari, maneno, hisia usoni, hamu ya kuanza jambo. La tatu ni utambuzi, yaani kazi za akili kama kumakinika, kukumbuka, kupanga na kuwaelewa wenzako.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 24 wana ugonjwa huu, sawa na mtu 1 katika kila 300. Kwa kawaida huanza mwishoni mwa balehe au katika miaka ya ishirini, na wanaume huwatangulia wanawake kidogo.

Je, ni mtu kuwa na nafsi mbili?

Hapana. Kosa hili limezaliwa na jina. Mwaka 1908 daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kupasuka na jingine la akili. Alikusudia kwamba kufikiri, kuhisi na kutaka vimeachana njia ndani ya mtu mmoja. Hakusema kwamba mtu mmoja amekuwa wawili. Japani walichoshwa na jina lenye maana ya akili iliyopasuka, na mwaka 2002 wakalibadilisha rasmi.

Kabla ya Bleuler, Mjerumani Emil Kraepelin alikuwa ameuita ugonjwa huu kwa jina la Kilatini lenye maana ya kupungukiwa akili mapema. Kraepelin alikosea kuwakatia tamaa wagonjwa wengi kiasi kile, lakini kwa maoni yangu aliona jambo moja ambalo liliachwa pembeni kwa miongo mingi: kwamba uwezo wa kufikiri wenyewe umeguswa.

Mbona watafiti wanahangaika na kumbukumbu na umakini, wakati shida ni sauti?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu, kwa sababu ndani yake mna dhana ambayo hata madaktari waliiamini. Sauti zinatisha. Zinamfikisha mtu hospitalini. Basi ni rahisi kudhani kwamba sauti zikinyamaza, maisha yatarudi. Kwa wengi hayarudi. Kijana anatoka hospitalini, hasikii kitu, lakini hawezi kufuata somo darasani. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu. Anaagizwa vitu vinne anarudi na viwili. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu, au dawa zimemlaza.

Mwaka 1996 Michael Green wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikusanya tafiti zilizokuwepo na kuuliza: ni kitu gani kinachotabiri kama mtu atarudi kazini, atajitegemea, atakuwa na marafiki? Kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kumakinika vilijitokeza tena na tena. Ukali wa sauti na imani potofu haukutabiri kwa kiasi hicho. Tafiti nyingi zilizofuata zimekubaliana naye kwa jumla.

Tena upungufu huu hauletwi na dawa, ingawa baadhi ya dawa huuzidisha. Unaonekana kwa watu walio katika saikosisi ya kwanza kabla hawajameza hata kidonge kimoja. Ukirudi nyuma kwenye rekodi za shule na vipimo vya jeshi, unakuta kwamba kundi la watoto waliokuja kuugua baadaye walikuwa tayari nyuma kidogo ya wenzao kwa wastani. Nasisitiza wastani: wapo waliokuwa wa kwanza darasani, na wapo wagonjwa ambao alama zao hadi leo zinawapita wengi wetu.

Utambuzi unapimwaje?

Kwa kazi ndogondogo zinazofanana na michezo. Kipimo kinachotumika sana katika majaribio ya dawa kiliandaliwa Marekani kupitia mradi wa MATRICS, ulioanzishwa na taasisi ya serikali ya afya ya akili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinagusa maeneo saba: wepesi wa kufikiri, umakini, kumbukumbu tendaji, kujifunza kwa maneno, kujifunza kwa macho, kutatua matatizo, na utambuzi wa kijamii. Huchukua saa moja na zaidi, na wengi hutoka wamechoka kuliko walivyotarajia.

Kumbukumbu tendaji inastahili neno la ziada. Ni ule uwezo wa kushika kitu akilini huku unakifanyia kazi, kama kusoma namba za simu kutoka mwisho kwenda mwanzo bila kuziandika. Patricia Goldman-Rakic wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kwa nyani kwamba seli fulani za sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kuwaka hata baada ya kitu kuondolewa machoni, kana kwamba zinakishikilia. Mwaka 1986 Daniel Weinberger na wenzake waliwapa wagonjwa kazi ya kupanga kadi ambayo kanuni yake hubadilika kimyakimya katikati ya mchezo. Kwa watu wasiougua, damu iliongezeka kwenye sehemu hiyo ya mbele. Kwa wagonjwa haikuongezeka kwa kiasi kile. Tangu hapo watafiti hawajaipa sehemu hiyo pumziko.

Utambuzi wa kijamii ndio nini?

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kipimo kimoja maarufu kimejengwa juu ya jambo hilohilo. Unasomewa kisa kifupi: mtu anaingia chumbani baada ya safari ndefu ya joto na kumwambia mwenzake, "Dirisha hili limefungwa siku nyingi?" Kisha unaulizwa alitaka nini. Wengi wanajibu papo hapo kwamba alitaka dirisha lifunguliwe. Mtu mwenye skizofrenia anaweza kujibu kwamba alitaka kujua dirisha limefungwa tangu lini. Maneno ameyaelewa yote. Kilichompita ni nia iliyo nyuma ya maneno. Vipimo vya namna hii vilianza kutumika London miaka ya 1990, katika kundi lililomhusisha Chris Frith, aliyetoa hoja kwamba dalili nyingi za ugonjwa zinatokana na ugumu wa kuzijua nia, za wengine na zako mwenyewe.

Utambuzi wa kijamii una sehemu nyingine pia. Ipo ya kusoma nyuso. Ukifuatilia macho ya wagonjwa wanapotazama picha ya uso, unakuta mara nyingi hayatui kwenye macho na mdomo, mahali ambapo hisia huandikwa. Amigdala, kiungo kidogo ndani ya ubongo kinachohusika na kutambua hatari, katika baadhi ya tafiti ilionekana kuwaka sana mbele ya nyuso zisizo na hisia yoyote. Fikiria maana yake: unapita katikati ya watu wasiokuwa na habari na wewe, na ubongo wako unapiga kengele kwa kila uso. Mtu anayesema "wote wananiangalia vibaya" huenda anaeleza kwa uaminifu kile ambacho ubongo wake umempa.

Tena sehemu hii ya utambuzi, kwa wastani, inafungamana na maisha ya kila siku kuliko hata kumbukumbu. Haishangazi. Kazini watu hawafukuzwi sana kwa kusahau; wanafukuzwa kwa kutoelewana.

Ndugu yangu anajifungia chumbani. Hapendi watu tena?

Usiharakishe kuhitimisha. Wagonjwa wanapoonyeshwa picha nzuri, kupewa kitu kitamu au kuulizwa katikati ya shughuli wanajisikiaje, furaha wanayoitaja haiko mbali na ya watu wengine. Kinachopungua ni kuionja furaha kabla haijafika, yaani kuwaza "nikienda nitafurahi" na wazo hilo likakuinua kitandani. Katika majaribio ya kuchagua kati ya kazi nyepesi yenye malipo madogo na kazi ngumu yenye malipo makubwa, wengi wao hawaongezi juhudi pale ambapo ingewalipa. Kwa hiyo kumuuliza "unataka kuja?" na kuridhika na "hapana" huenda si kumtendea haki. Mara nyingi akishafika anafurahi kweli.

Sauti zinatoka wapi?

Jaribu kujitekenya. Huwezi. Ubongo unapoutuma mkono, unatuma pia taarifa ya ndani kwamba "huyu ni mimi", na mguso unapunguzwa makali. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore, Frith na wenzao walitumia kifaa kugusa viganja vya watu, mara kinaendeshwa na mtu mwenyewe, mara na mtafiti. Wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti au kuhisi wanaendeshwa na nguvu ya nje waliona miguso yote miwili ni sawa. Taarifa ya "huyu ni mimi" haikufanya kazi yake.

Sasa hamisha jambo hilo kwenye maneno. Sote tunasema na nafsi zetu kimyakimya. Maneno ya ndani yakikosa muhuri wa "ni mimi", yanasikika kama ya mwingine. Picha za ubongo zinaunga mkono sehemu ya hoja hii: sauti zinaposikika, sehemu za kuzalisha na kusikiliza lugha hufanya kazi. Kwa hiyo ukimwambia mgonjwa "hakuna sauti", unamkosea. Ipo, ubongo wake unaisikia. Chanzo ndicho kimekosewa.

Jambo ambalo maelezo haya hayalifikii ni kwa nini sauti husema zinayoyasema. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann aliwahoji wagonjwa wa California, Accra na Chennai. Wamarekani walielekea kusimulia sauti za kikatili na kuziona kama dalili ya ugonjwa. Wengi wa Chennai walisikia sauti za jamaa zikiwaagiza kazi za nyumbani, na wa Accra walitaja mara nyingi sauti ya Mungu.

Na imani potofu?

Kuna jaribio la shanga. Mitungi miwili: mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi nyingine, wa pili kinyume chake. Unachomolewa shanga mojamoja, nawe useme zinatoka mtungi gani ukiwa tayari. Watu wengi hungoja shanga kadhaa. Wengi miongoni mwa wagonjwa wenye imani potofu huamua baada ya moja au mbili. Tangu jaribio la kwanza mwaka 1988 jambo hili limerudiwa mara nyingi.

Ongeza hoja ya daktari wa akili Shitij Kapur ya mwaka 2003: dopamini, moja ya kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari, ndiyo inayovipa vitu uzito, inayotuambia "hiki zingatia". Ikimwagika ovyo, kikohozi cha jirani au gari jekundu vinapata uzito visivyostahili. Mtu anatafuta maelezo, na imani ndiyo maelezo anayoyapata.

Dopamini ilijulikanaje?

Kwa bahati, tena kinyumenyume: dawa ilitangulia, maelezo yakafuata. Mwaka 1952 jijini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walitumia klopromazini, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa ajili ya upasuaji, na wagonjwa waliokuwa wamechafukwa wakatulia. Miaka kumi na moja baadaye Arvid Carlsson wa Uswidi alionyesha kwamba dawa za aina hiyo zinaingilia dopamini na kemikali za jamii yake. Katikati ya miaka ya 1970 Philip Seeman wa Toronto na watafiti wengine waligundua kwamba kadiri dawa inavyong'ang'ania vipokezi vya dopamini (sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo) vya aina ya D2, ndivyo dozi inayohitajika inavyokuwa ndogo. Picha za PET, zinazofuatilia kemikali ndani ya ubongo, zimethibitisha baadaye kwamba wakati wa saikosisi, sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu huzalisha na kumwaga dopamini kupita kiasi.

Basi kwa nini dawa hazirudishi kumbukumbu?

Kwa sababu tatizo la kumbukumbu halikai hapo. Hoja yenye nguvu inaelekeza kwenye glutamati, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kuamshana. Ketamini, inayoziba vipokezi vya NMDA vya glutamati, humfanya mtu mzima asiyeugua apate kwa muda dalili zinazofanana na za skizofrenia, pamoja na kupungua kwa hamu na kuvurugika kwa kumbukumbu. Dawa za kuongeza dopamini huleta zaidi saikosisi peke yake.

Dawa zilizotengenezwa kwa msingi wa hoja hiyo, hata hivyo, zimeanguka moja baada ya nyingine katika majaribio makubwa. Mwezi Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya skizofrenia isiyoziba dopamini moja kwa moja, mchanganyiko wa zanomelini na trospiamu, unaofanya kazi kupitia vipokezi vya asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo. Imeidhinishwa kwa skizofrenia kwa jumla. Faida yake kwa utambuzi bado inachunguzwa.

Kuna jambo dogo ambalo husahaulika: dawa zinazotolewa ili kupunguza kutetemeka na kukakamaa kwa misuli kunakoletwa na dawa za saikosisi mara nyingi huzuia asetilikolini, na asetilikolini ndiyo msaidizi wa kumbukumbu. Muulize daktari kama bado zinahitajika. Usiziache mwenyewe.

Picha ya MRI inaweza kuonyesha kwamba nina skizofrenia?

Hapana. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake wa London walipiga picha na kukuta mashimo ya majimaji ndani ya ubongo yamepanuka kwa wagonjwa. Maelfu ya picha zilizofuata zimethibitisha tofauti hizo, lakini ni za makundi. Chukua picha moja usiyojua mwenyewe: hutaweza kusema ni ya nani. Madaktari hupiga picha ili kuondoa sababu nyingine, kama uvimbe. Na tangu 2007 tunajua kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya NMDA. Unafanana na saikosisi, nao unatibika kwa njia tofauti kabisa.

Ni ugonjwa wa kurithi?

Kwa kiasi kikubwa. Pacha wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua hutajwa kuwa karibu 40 hadi 50 kwa 100. Lakini jeni ni zilezile: kama jeni zingekuwa kila kitu, ingekuwa 100.

Hakuna jeni moja ya skizofrenia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 76,000, ulipata maeneo 287 ya vinasaba, karibu yote yenye mchango mdogo sana. Yapo machache yenye nguvu: watu waliokosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, karibu robo yao hupata saikosisi. Na ipo jeni ya C4, ambayo mwaka 2016 watafiti wa Boston waliihusisha na kupogolewa kwa sinapsi, yaani miunganiko kati ya seli za ubongo. Katika ujana ubongo hukata miunganiko isiyohitajika, kama mkulima anavyopogoa matawi. Aina fulani za C4 huenda zinaongeza makali ya kisu. Mtafiti Irwin Feinberg alikuwa amelikisia jambo hili tangu 1982, akiwa hana chombo cha kulithibitisha.

Je, ni kosa la mama?

Hapana. Nadharia hiyo ilivuma tangu mwaka 1948 na kuwaumiza wazazi wengi bila ushahidi. Kinachojulikana ni kitu kingine: baada ya ugonjwa kuanza, nyumba yenye lawama na ukali huongeza uwezekano wa kuugua tena, na familia zikifundishwa namna ya kuishi na ugonjwa, uwezekano huo hupungua.

Bangi je?

Inaongeza hatari, hasa bangi kali, inayovutwa mara kwa mara tangu umri mdogo. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 1987 uliofuatilia vijana wa jeshi wapatao 45,000 ulikuta kwamba waliokuwa wameitumia zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya kuugua mara sita ya wasioitumia. Kama bangi yenyewe ndiyo sababu bado inajadiliwa, lakini kama ndugu yako wa damu anaugua, mimi nisingejaribu bahati.

Panya anaweza kuwa na skizofrenia?

La. Hatuwezi kumuuliza panya anasikia nini. Tunaweza kupima vipande: anakumbuka njia? Anashtuka kelele inaporudiwa? Anamkaribia panya mgeni? Vipande hivyo vinasaidia, lakini dawa nyingi zilizofaa kwa panya hazikufaa kwa binadamu.

Wagonjwa ni hatari?

Walio wengi hawajawahi kumdhuru mtu. Wao ndio wanaodhuriwa zaidi: kupigwa, kuibiwa, kudanganywa. Hatari huongezeka pale penye ulevi na pasipo matibabu.

Kuna mazoezi ya kunoa ubongo?

Yapo, na yanafaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sharti moja. Kukaa mbele ya kompyuta ukicheza michezo ya kumbukumbu kunakufanya bingwa wa michezo hiyo. Faida inavuka hadi kwenye maisha pale mazoezi yanapoongozwa na mtaalamu anayekufundisha mbinu, na yanapofungwa pamoja na kazi au masomo halisi. Mazoezi ya mwili yanayoupeleka moyo mbio nayo husaidia utambuzi kidogo. Yapo pia mafunzo ya kusoma nyuso na kuchunguza hukumu za haraka, na watu huboreka waziwazi kwenye nyuso. Dawa ya kupuliza puani ya oksitosini ilipigiwa debe sana. Matokeo yake yamekuwa ya kuyumbayumba.

Watu hupona?

Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu mmoja kati ya watatu anaweza kupona kabisa. Kuwahi matibabu kunasaidia, na kuchelewa ni kwingi: katika mradi wa Marekani uitwao RAISE, nusu ya vijana walikuwa wameishi na saikosisi kwa zaidi ya wiki 74 kabla ya kutibiwa.

Nikishiriki utafiti, nitapewa picha ya ubongo wangu?

Baadhi ya maabara hutoa, kama kumbukumbu tu. Haisemi kama unaumwa au umepona, na alama zako za majaribio hazisemi una akili kiasi gani. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yako hayatakiwi kuathirika. Ndani ya mashine ya MRI mna kelele na nafasi ni finyu. Vua chuma chote, na mweleze mtafiti mapema kama sauti zako huzidi penye kelele, ili mkubaliane ishara ya kusimamisha. Kabla ya kutia sahihi uliza jambo moja ambalo wengi husahau: ikionekana dosari isiyotarajiwa kwenye picha, nani ataniambia, na baada ya siku ngapi?